Mgeni Aliyeuliza Habari za Najiat

Kila alipotoka shuleni, Zamda hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye kibanda cha baba yake, Fundi Shaban, pale Kanyenye, akavua viatu vya shule, akavaa ndala na kushika brashi. Fundi Shaban alitengeneza masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa bweni huyaita matranka, na Tabora kwa shule za bweni haijambo. Baba alikata, akakunja na kugonga. Binti alipaka rangi ya bluu, kisha akachora maua ya njano kwenye vifuniko. Majirani walikuwa wameizoea nyundo ya fundi, hata ilipokaa kimya waliuliza kama anaumwa.

Mwaka huo nyumba nzima ilikuwa na jambo moja moyoni. Najiat, dada yake Zamda, alikuwa amemaliza kidato cha sita, akaenda mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, akarudi mgongo umenyooka kama mkuki na anakula chakula cha watu watatu.

"Baba," alisema siku aliyorudi, "nataka kuwa ofisa wa jeshi. Si kuvaa magwanda tu. Nataka kusomea uongozi."

Mama yake alishika tama. Baba alisema, "Bati halikunjwi na mtu mwenye wasiwasi. Kama umeamua, peleka maombi."

Najiat akaomba nafasi ya mafunzo ya uofisa katika chuo cha kijeshi. Tangu hapo, kila baada ya sala ya alfajiri alikimbia barabara ya Kwihara, ile waliyoipita wapagazi wa misafara zamani na pembe za ndovu mabegani. Jua lilipochomoza alirudi amelowa jasho, akachota maji, akafagia uwanja, kana kwamba hajafanya lolote.

Si wote waliofurahi. Shangazi yao wa Itetemia alikwishaleta habari za mchumba mara mbili. "Mtoto wa kike na bunduki, wapi na wapi?" alisema. "Yupo kijana ana duka la vipuri, ametulia, hana makuu." Najiat alicheka tu na kumkumbatia. Lakini Zamda hakucheka. Aliogopa kwamba siku moja watu wazima wangeketi kwenye mkeka, wangezungumza kwa sauti ya chini, na ndoto ya dada yake ingeishia hapo.

Mgeni alionekana kwa mara ya kwanza siku ya Jumatatu. Alikuwa ameketi kwenye benchi la muuza kahawa, ng'ambo ya barabara. Shati lake lilikuwa la kawaida, suruali ya kawaida. Viatu ndivyo vilivyomshtua Zamda. Vilimetameta kama bati jipya, na Kanyenye kwa vumbi la kiangazi hakuna mtu anayetembea na viatu vya namna ile. Alikunywa kahawa taratibu. Akazungumza na muuza mkaa. Akahamia kwa fundi cherehani, akazungumza tena. Hakununua kitu, hakuandika kitu. Alisikiliza tu, na kila Zamda alipoinua uso kutoka kwenye rangi yake, aliyaona macho ya mtu yule yakiitazama nyumba yao.

Kesho yake shuleni alimsimulia Julieth. Julieth alikuwa rafiki yake wa damu. Walikaa dawati moja, na nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Mama yake Julieth aliuza asali aliyoifuata Sikonge.

"Hata kwetu alikuja," Julieth alinong'ona. "Mama alinifukuza nje. Lakini nilisikia kidogo pale dirishani. Anauliza habari za dada Najiat! Ana tabia gani, anatembea na nani, amewahi kuugua ugonjwa mkubwa, ukoo wao ni watu wa namna gani."

Zamda alisogea karibu. "Na mama yako akasemaje?"

"Sikusikia. Nilipomuuliza, akaniambia nikafue."

"Labda ni tapeli," Zamda alisema. Mwalimu Recheli alikuwa amewaonya kuhusu watu wanaojifanya wanagawa nafasi za jeshi ili wawaibie wazazi.

Julieth akatikisa kichwa. "Tapeli angekuja kwenu moja kwa moja. Huyu anachunguza. Si unajua nani huchunguza tabia, ukoo na magonjwa? Kaka yangu Wilbroad alipotaka kuoa, tulimtuma mjomba akaulize maswali hayo hayo."

Zamda aliduwaa. Mshenga! Kwa nini hakufikiri mapema? Shangazi wa Itetemia hakukata tamaa, amemtuma mtu kwa siri. Na siku zile Najiat mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda huko huko Itetemia, kwa shangazi, kusaidia kuvuna karanga. Mambo yote yalikaa mahali pake kama mbavu za tranka. Asubuhi ile Zamda hakusikia tena hata neno moja la mwalimu.

Jioni baba alitoka kwenda kununua misumari, akamwachia kibanda. Zamda alikuwa akichora ua la pili alipoona viatu vinavyometameta vimesimama mbele yake.

"Hodi hapa. Fundi yupo?"

"Katoka. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unachora vizuri." Mtu yule aliinama akatazama maua, lakini Zamda alijua hakuja kutazama maua. "Hapa ndipo kwa kina Najiat?"

"Ndiyo."

"Yeye ni nani wako?"

"Dada yangu."

"Yuko wapi siku hizi?"

Zamda aliweka brashi chini. Akafikiri: kuna mlango mmoja tu ambao mshenga akiukuta umefungwa hugeuka na kwenda zake.

"Ameolewa," alisema. "Yuko Kahama kwa mumewe."

Mgeni aliinua kichwa polepole. "Ameolewa? Lini?"

"Baada ya Idi."

"Mume wake anaitwa nani?"

"Awadhi."

"Anafanya kazi gani huyo Awadhi?"

"Anauza matairi ya baiskeli." Uongo ni kama kamba ya kisima, ukishaanza kuuteremsha, huna budi kuongeza.

"Harusi ilikuwaje? Mlipika nini?"

"Pilau."

"La kuku au la ng'ombe?"

"La ng'ombe," Zamda alisema, kisha akaongeza haraka, "na kuku."

Mtu yule hakutabasamu. Aliaga, akaondoka. Zamda alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona ya msikiti, kisha akavuta pumzi. Alijiona shujaa. Hakumwambia mtu yeyote, kwa kuwa alidhani jambo limekwisha.

Halikwisha. Asubuhi iliyofuata, kabla hajaondoka kwenda shule, mwenyekiti wa mtaa, Mzee Masolwa, aliingia uani. "Mwangaluka!" alisalimu kwa Kinyamwezi kama kawaida yake, lakini uso wake haukuwa wa kawaida.

"Fundi Shaban, umemwoza binti na mimi mwenyekiti wako sikuambulia hata kijiko cha pilau?"

"Nimemwoza nani?" baba aliuliza.

"Najiat. Mtaani yuko ofisa wa jeshi, Afande Yoramu. Kazi yake ni kuchunguza waombaji kabla hawajaitwa. Jana jioni kaniuliza kama ni kweli binti yenu kaolewa Kahama. Nikamwambia sijui habari hiyo. Sasa ameshika njia ya Sikonge kumchunguza kijana mwingine, akirudi atapitia kwangu, kisha anapeleka taarifa yake. Mwombaji aliyeolewa hapokelewi. Na aliyeolewa akaandika kwamba hajaolewa, huyo ni mbaya zaidi, maana ni mwongo. Na ninyi wazazi mkikana, atasema mnamkinga binti yenu."

Mama aliweka chini birika. "Nani amesema maneno hayo?"

"Hawataji. Kaniambia tu kwamba habari imetoka karibu. Karibu sana."

Mama aligeuka akautazama ule ukuta wa jirani. Fundi cherehani alikuwa amemwambia kwamba mgeni alikaa muda mrefu ndani kwa Mama Julieth. Na tangu masika ya mwaka juzi, wanawake hao wawili walikuwa na ugomvi wa mfereji wa maji machafu. "Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema. "Mfereji tu! Kwa ajili ya mfereji anamharibia mtoto wangu maisha!"

Zamda alisimama na begi mgongoni. Methali ile ilimchoma. Aliikaza mikanda ya begi, akaenda shule.

Mama hakungoja. Mchana bombani, mbele ya foleni yote ya ndoo, alimwambia Mama Julieth maneno ambayo mtu mzima hamwambii mtu mzima. Alimwita mnafiki. Alimwita mchawi wa ulimi. Mama Julieth alijitwika ndoo yake kichwani, akaondoka bila kujibu, na kutojibu kwake watu wakakuchukua kuwa ushahidi.

Siku iliyofuata dawati lilikuwa tupu upande mmoja. Julieth alikuwa amehamia nyuma. Wakati wa mapumziko Zamda alimfuata.

"Usinifuate," Julieth alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Jana mama alirudi na asali yote. Hakuna aliyenunua. Wanasema asali ya msengenyaji ni chungu. Zamda, wewe unamjua mama yangu. Unaamini kafanya hivyo?"

Zamda aliyatazama mawe yaliyokuwa miguuni pake. "Sijui," alisema, na huo ukawa uongo wa pili, mzito kuliko wa kwanza.

Najiat alirudi kutoka Itetemia na furushi la karanga. Walipomweleza, hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi akaanza kuvua viatu vyake, na mkono ukasahau kazi katikati ya kamba.

"Mnajua kinachoniuma?" alisema mwishowe. "Kama wangeniambia sikimbii vizuri, ningekimbia zaidi. Kama wangesema sikufaulu, ningesoma tena. Lakini wataandika kwamba mimi ni mwongo. Hilo unalifanyia mazoezi gani?"

Kesho yake asubuhi Najiat hakwenda kukimbia.

Ilikuwa Jumamosi. Kibandani, Zamda alichovya brashi, akaiacha humo. Rangi ilitiririka mpaka vidoleni. Baba alikuwa akigonga bawaba.

"Baba," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyesema dada ameolewa. Alinikuta hapa peke yangu. Nilidhani ni mshenga ametumwa na shangazi. Nikasema ameolewa ili aende zake."

Nyundo ilinyamaza. Ng'ambo ya barabara muuza kahawa akapaza sauti, "Vipi fundi, unaumwa?" Baba hakumjibu. Alikaa akimtazama binti yake kana kwamba anatafuta mahali bati lilipopasukia.

"Na Awadhi wa matairi?"

"Nilimtunga."

"Ulisikia alichofanya mama yako bombani?"

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza." Baba aliiweka nyundo juu ya meza, akajifuta mikono. Zamda alingoja kiboko. Badala yake baba alisema, "Nenda kamwite mama yako na Najiat. Kabla ya kwenda kwa mwenyekiti tutaanza na yule aliyeumia bila kosa."

Mama Julieth alikuwa uani, akichuja asali kwa kitambaa. Alipowaona wote wanne alisimama, na Julieth akatokeza mlangoni. Zamda alisogea mbele. Alieleza yote, kuanzia viatu hadi pilau. Maneno yalipokwisha, pale uani ilisikika asali tu ikidondoka kwenye sufuria.

Mama yake Zamda alishika kichwa. "Ee Mola wangu! Jirani, mbona hukunijibu? Mbona hukujitetea?"

"Ningejitetea vipi?" Mama Julieth alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mtu yule alinionyesha kitambulisho. Aliniomba nisimwambie yeyote aliloniuliza wala nililomjibu. Nikaahidi. Uliponitukana bombani, ahadi ilikuwa bado ni ahadi."

"Na ulimjibu nini?" baba aliuliza kwa upole.

Mama Julieth alimtazama Najiat. "Kwa kuwa mwenyekiti mwenyewe amekwisha kuitoboa siri, nitasema. Nilimwambia mwaka juzi nililazwa wiki nyingi, na mwenye kumpikia mwanangu na kumfundisha hesabu alikuwa msichana huyu, wakati mimi na mama yake hata salamu tulikuwa hatupeani. Nikamwambia, kama jeshi linatafuta mtu wa kuachiwa watu, lisitafute mbali."

Mama yake Zamda alianza kulia. Hakuona haya. Alipiga magoti pale pale kando ya sufuria ya asali, na Mama Julieth akamwinua kabla hajasema neno.

Mchana huo huo walikwenda ofisi ya mtaa. Afande Yoramu alikuwa amerejea kutoka Sikonge. Hata viatu vyake siku hiyo vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Zamda alisimama mbele yake akarudia maelezo. Aliposema "nilidhani ni mshenga," Mzee Masolwa alicheka mpaka akakohoa. Afande hakucheka.

"Nilikuuliza ng'ombe au kuku, ukanipa vyote viwili," alisema. "Nikajua kuna kitu. Ndiyo maana nikaja kumuuliza mwenyekiti. Lakini sasa niambie. Juzi ulinitazama machoni ukasema ameolewa. Leo unanitazama machoni unasema hajaolewa. Nitajuaje kwamba leo hukufundishwa na hawa waliosimama nyuma yako?"

Zamda aligeuka. Alimtazama Najiat, ambaye alikuwa amesimama wima, uso umekauka. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya hasa: alikuwa ameuharibu ukweli wenyewe, hata ukisemwa hauaminiki.

"Huwezi kujua," alisema, na machozi yakamtoka. "Mimi usiniamini. Waulize wengine."

Afande aliegemea kiti. "Hilo ni neno la kwanza kwako nililoliamini bila kulipima," alisema. Akainuka, akachukua kofia yake. Alasiri hiyo alikwenda kwa shekhe anayefungisha ndoa za mtaa ule. Alikwenda Itetemia kwa shangazi, ambaye alimlalamikia kwa kirefu kwamba Najiat anakataa wachumba, asijue kwamba kwa malalamiko yale alikuwa akimsaidia. Alirudi kwa fundi cherehani, kwa muuza mkaa, kwa Mama Julieth. Kisha akaondoka Tabora bila kuahidi lolote.

Walingoja. Zilikuwa wiki ngumu. Mama alikwenda bombani siku ya foleni ndefu, na mbele ya wanawake wale wale akasema kwa sauti kwamba alimsingizia jirani yake na kwamba aliyesema uongo ni mwanawe mwenyewe. Zamda alikuwepo, ameshika ndoo, na kila jicho lilimgeukia. Jioni alizunguka na Julieth mtaani wakiuza asali mlango kwa mlango, na kila mlango alieleza upya. Najiat alirudi kwenye barabara ya Kwihara. Hakumgombeza mdogo wake, alimwambia tu, "Ulitaka kunilinda, najua. Lakini ungeniuliza mimi."

Siku habari ilipofika, Najiat alikuwa akipepeta mchele. Ameitwa kwenye usaili. Na baada ya usaili na vipimo vya afya vilivyowatia wote homa ya roho, akaitwa chuoni. Baba alifunga kibanda mapema, na mama akapika pilau, la kweli mara hii. Mzee Masolwa alialikwa, akaja wa kwanza.

Wakati wakingoja chakula, Zamda alimsogelea. "Mwenyekiti, naomba kuuliza. Akija mtu mwingine nisiyemjua, anauliza mambo ya nyumbani, nifanyeje? Mwalimu anasema tusimwamini kila mtu."

"Mwalimu wako anasema kweli," Mzee Masolwa alijibu. "Shaka si kosa, mwanangu. Ulimwengu huu una matapeli wengi. Lakini shaka ni kama mbwa wa ulinzi. Kazi yake ni kubweka ili mwenye nyumba aamke. Wewe mbwa wako hakubweka. Aliuma moja kwa moja, tena akamuuma mtu wa nyumbani na jirani. Siku nyingine mwambie mgeni, 'Sina ruhusa ya kujibu, subiri baba aje.' Hapo utakuwa hukumwamini, na hukumdanganya. Mtu anaweza kufunga mdomo bila kuuchafua."

"Nimesikia, mzee."

"Na ukikosea tena, maana utakosea, usilale nalo. Uongo ule ulikuwa wako peke yako. Ukaunyamazia, ukawa mzigo wa mtaa mzima."

Zamda aliitikia kwa kichwa. Mama Julieth na binti yake walikuwa wakipiga hodi mlangoni. Alichukua jagi na beseni akaenda kuwanawisha mikono, akianza na Mama Julieth, kwa kuwa mgeni wa heshima siku hiyo alikuwa yeye.